Mhandisi Mshauri Ndani ya Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wetu anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kitakuwa wazi. Nimesoma mita za maji za mji huu kwa miaka kumi na tisa, jua na mvua, mbwa wa kufungwa na mbwa wa kufunguliwa. Kama kuna haki, kiti ni changu. Lakini leo asubuhi nimemkuta mwenzangu amekikalia. Ana miaka sita tu kazini. Tunamwita Kalamu kwa sababu ya ile kalamu anayoichomeka sikioni tangu asubuhi mpaka jioni. Eti anakijaribu tu. Nikamwuliza kama ni kiatu. Akajizungusha nacho mara mbili, akasema kinalia kidogo upande wa kushoto.

Mwenye kuamua ni meneja mkuu mpya. Ameingia tangu Januari, na hapa tawini hakuna hata mmoja aliyemtia machoni. Mama wa chai ndiye aliyeniokoa. Alipokuwa akinimiminia kikombe cha pili alininong'oneza kwamba bosi ana wazimu wa magari ya spoti ya zamani, yale ya viti viwili yasiyo na paa. Amesikia makao makuu. Na wenye magari hayo wana chama chao, hukutana kila Jumamosi kwenye ghala kuukuu nyuma ya stesheni.

Nikakitua kikombe. Wenye magari ya namna hiyo ni watu gani? Madaktari wa upasuaji. Wakurugenzi. Mabalozi. Watu wanaogawiana vyeo huku wakifuta vioo. Ninachokosa mimi ni kitu kimoja, gari. Na baba mkwe analo.

Jumanne, 4 Machi

Baba mkwe alikuwa kinyozi kwa miaka arobaini. Gari lake ni la kijani, viti viwili, liko nyuma ya nyumba chini ya turubai. Alilinunua kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa akihama. Kila Ijumaa hulifunua, huliwasha, hukaa ndani nusu saa bila kwenda popote, hulizima na kulifunika. Siku ya harusi yetu nilimwomba alitoe. Akasema gari hilo halikuzoea kelele.

Leo nimemkuta ameloweka miguu kwenye beseni, magoti yanamsumbua. Nikamwambia kwamba nimesikia injini ikikohoa Ijumaa iliyopita, na kwamba kuna fundi bingwa wa kabureta aliyekuja mjini kwa juma moja tu. Akauliza fundi huyo anaitwa nani. Sikuwa nimefika huko katika kutunga. Nikasema watu humwita Fundi tu.

Akanitazama kwa muda, akiwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akitazama kichwa cha mteja kabla ya kukitia mkasi. Kisha akavua funguo shingoni akanipa. Nilirudishe Jumapili. Nisilikanyagie mafuta kabla halijapata moto.

Nilitoka hapo nimeduwaa. Sikutegemea iwe rahisi hivyo. Nadhani umri umemlegeza.

Mke wangu, ambaye hushona sare za shule sebuleni kwetu, alisimamisha cherehani nilipomsimulia. Akaniuliza kwa nini sikumwambia baba yake ukweli. Nikamweleza kuwa mambo ya vyeo yana njia zake. Akarudia kushona, kwa kasi kuliko kawaida.

Alhamisi, 6 Machi

Kuingia katika gari hili si jambo la mtu wa makamo. Unatanguliza mguu mmoja, unakaa, kisha unautafuta mguu wa pili ulikobaki. Magoti yakaja masikioni. Tumbo likashika usukani kabla ya mikono. Nilitaka kwenda mbele, nikarudi nyuma, nikaingia katika ua wa jirani hadi nusu. Jirani alikuwa amekaa upande wa pili wa ua ule akisoma gazeti. Akanisalimu bila kunyanyuka.

Jioni nilijaza fomu ya chama. Jina, sawa. Gari, sawa. Halafu mstari wa kazi. Ukiandika msoma mita pale, umejifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe. Nilitafuna kalamu muda mrefu. Mwishowe nikaandika: Mhandisi Mshauri wa Mifumo ya Maji. Niliposoma tena nilijiheshimu. Si uongo hasa. Mita ni mfumo, na watu huniomba ushauri, hasa kuhusu nani kawakatia maji.

Mke wangu aliisoma fomu, akaitazama picha yangu iliyobandikwa, akasema picha imetoka vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechoka na dunia. Niandike kwa utaratibu.

Nilifika ghalani saa nne nimevaa suti. Magari tisa, yanang'aa kama vyombo vya harusi. Nikatafuta kwa macho wale madaktari wa upasuaji. Kwanza akanijia mwanamke mmoja mwenye mabuti ya mpira, grisi hadi kwenye viwiko. Ndiye mwenyekiti. Kazi yake ni mkunga. Gari la manjano ni lake, na anasema amewahi kulipeleka katika nyumba tatu usiku ambao gari la wagonjwa halikuja. Wa pili ni dereva wa gari la taka. Gari lake amelikusanya kipande kwa kipande kwa miaka kumi na moja, taa ya kushoto kutoka jalala moja, ya kulia kutoka jingine, na haonekani kuona haya kulisema. Wa tatu ni seremala wa majeneza. Dashibodi yake ni ya mbao iliyopigwa msasa mpaka unajiona. Alinieleza ni mbao za kazini, zilizobaki. Nikaondoa mkono. Kulikuwa pia na mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na miguu miwili iliyotokeza chini ya gari jekundu. Niliambiwa ni ya hakimu. Hakimu, amelala chini sakafuni, na seremala wa majeneza anamshikia tochi.

Nikaanza kuhisi nimepoteza suti bure. Ndipo nikamwona. Alisimama peke yake kando ya gari la buluu. Koti jeupe, vifungo vyote, kucha safi, mgongo umenyooka. Haongei sana. Huyo ndiye. Meneja mkuu ana sura ya umeneja mkuu, huwezi kukosea.

Sikumwacha tena. Nilimsifu koti. Akasema ni la kazini. Nikamwuliza kwa kuzungukazunguka kazi ikoje siku hizi. Akajibu kwamba kazi yake ni kuhudumia watu, na kwamba ana meza kumi na mbili chini yake. Meza kumi na mbili! Mimi nilidhani shirika lina idara nane. Nikamwambia mtu mwenye meza kumi na mbili lazima awe na msimamizi imara wa kumtegemea. Akakubali kabisa. Alisema msimamizi wa sasa ni mzito wa miguu.

Nikajiona nimeshakikalia kile kiti.

Wengine sikuwapa nafasi. Mkunga aliniuliza kama mbwa hakunisumbua safari hii. Sikujua anasema mbwa gani, nikacheka kwa adabu. Seremala aliuliza kama nimekuja na daftari langu. Nikamjibu wahandisi siku hizi hawatumii daftari. Wakatazamana. Watu wa ajabu.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kurudisha gari. Lakini siwezi kulirudisha wakati mambo ndiyo yameshika moto. Nikampigia baba mkwe simu, nikamwambia Fundi anasubiri kifaa kimoja kutoka nje. Akauliza kifaa gani. Nikasema kile cha mbele.

"Aa," akasema, "kile cha mbele." Akakata.

Mke wangu alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo. Alisikia yote. Alikiweka kikapu chini taratibu. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa nimejifunza kuogopa zaidi anapofanya mambo taratibu. Nilijitolea kuosha vyombo, nikavunja sahani.

Jumatatu, 10 Machi

Kalamu ameleta mto wa kuweka kwenye kile kiti. Mto, na bado hajateuliwa. Nikamwambia kwa upole kwamba baadhi yetu Jumamosi tulikuwa na viongozi, tukazungumzia uzito wa miguu ya msimamizi wa sasa. Akaitoa kalamu sikioni akairudisha. Hiyo kwake ni dalili ya hofu.

Nimeanza kuzoea usimamizi. Leo nimewasimamia wawili: mfagizi, ambaye aliniambia niinue miguu, na mama wa chai, ambaye aliniuliza kama naumwa.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa nimejifunga blanketi. Nguo zote zimeanikwa.

Saa nane mchana mkunga alinipigia. Bomba la ghalani linavuja, Jumamosi wana maonyesho, na kwa kuwa katika chama yumo Mhandisi Mshauri wa Mifumo ya Maji, basi. Nikauliza kama mwenye koti jeupe atakuwepo. Akasema ameshafika, anafuta gari. Niliaga kazini nikaenda na gari la kijani. Nikaliegesha ndani, katikati, ili lionekane.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo, tone tone ukutani, nyuma ya gari la manjano. Dereva wa gari la taka akasema tumwite fundi bomba jirani hapo. Nikainua mkono kumzuia. Nikawaambia, kwa sauti ya kumfikia mwenye koti jeupe, kwamba kanuni ya kwanza ni kushusha shinikizo. Palikuwa na koki mbili. Moja mpya, moja imeota kutu. Mtu yeyote angeigusa mpya. Nikafikiri: kwa nini mhandisi afanye kama mtu yeyote?

Ile yenye kutu ilinibakia mkononi.

Sijui nieleze vipi yaliyofuata. Maji yalitoka kama yametukanwa. Yalinipiga kifuani nikakaa. Yakapanda, yakagonga bati, yakarudi chini juu ya magari tisa na langu la kumi, na hakuna hata moja lenye paa. Mwenye koti jeupe alikuwa chini kabisa ya mfereji huo. Hakimu alikunja suruali akawa anasukuma gari lake peku. Mwalimu wa hesabu alisimama juu ya kiti akihesabu magari yaliyokwisha kutoka. Mkunga alitoa amri kwa sauti ambayo, naamini, watoto wengi wa mji huu ndiyo waliyoisikia kwanza: sukuma, pumzika, sukuma. Gari la baba mkwe lilijaa kama beseni. Kitambaa chake cha kufutia vioo kilielea juu.

Ghafla maji yakakatika. Dereva wa gari la taka aliingia na spana mkononi. Alikuwa ameifunga koki ya barabarani, kando ya mita. Alinisimamia juu, akanisaidia kuinuka, akaniuliza bila hasira:

"Bwana Mita, si wewe uliyeniambia maji yakishindikana nifunge ya barabarani kwanza? Mwaka jana, pale kwangu, mlango wa bluu."

Nikasema ananifananisha.

"Hakufananishi," mkunga akasema. "Kwangu unakuja kila tarehe tano. Mbwa wangu anakujua kuliko mimi."

Seremala akasema kwake ni tarehe saba, na kwamba mwezi uliopita niliruka jeneza lisilokamilika kuifikia mita, nikaandika namba zangu, nikaondoka bila kuinua macho. Hakimu naye anasoma namba pamoja nami kila mwezi, akiwa amesimama nyuma yangu. Miaka kumi na tisa nimeingia nyuani mwao, mlango wa nyuma, nikiwa na tochi na daftari. Mita zao nazijua zote. Ya mkunga ina ufa kwenye kioo. Ya seremala inajaa vumbi la mbao. Nyuso zao sikuwahi kuzitazama hata mara moja.

Nikamgeukia mwenye koti jeupe, maji yakimchuruzika kwenye vifungo. Nikamwambia: bosi, naomba radhi.

"Bosi gani?" akauliza.

Ni mhudumu wa hoteli ya stesheni. Meza kumi na mbili ni meza za chakula. Alinikumbusha kwamba alinihudumia kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka ya ofisi, na kwamba nilimrudisha mara mbili jikoni kufuata kijiko.

Nikauliza, basi kwa nini walinyamaza? Mkunga akakamua pindo la gauni. Akasema walilitambua gari la kijani lilipokata kona, kabla hawajaniona mimi. Mwenye gari hilo ndiye aliyeanzisha chama, na wote pale aliwanyoa, isipokuwa yeye mkunga, aliyempokea binti wa mzee alipozaliwa. Walimpigia simu siku ile ile. Naye aliwaambia waniache.

Binti huyo ndiye mke wangu. Niliposimulia leo nyumbani akasema anajua. Baba yake alimpigia Jumamosi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeomba ruhusa kazini siku mbili. Nimelikausha gari kwa taulo, kwa feni, kwa pasi ya mke wangu kwenye mazulia. Viti vinanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Seremala alikuja bila kuitwa, akauondoa ubao wa dashibodi uliovimba, akauchonga upya. Dereva wa gari la taka aliyatoa maji yaliyoingia kwenye kabureta. Hawakunisema. Ingekuwa nafuu kama wangenisema.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelirudisha. Nilijiandaa njia nzima. Nilikuwa na maneno matatu ya kuanzia, yote ya uongo, na moja lilikuwa zuri sana.

Baba mkwe alikuwa kibarazani amevaa viatu na kofia, tayari. Alizunguka gari akiliegemea, akakinusa kiti. Akasema, huyo Fundi wako ana mkono mzito.

Nikayameza yote matatu. Nikamwambia: "Baba, hakuna fundi."

"Najua hakuna. Hata jina hukumtafutia."

Nikamwuliza mbona alinipa funguo.

Akajishughulisha na kofia kidogo. Akasema magoti yake hayakanyagi klachi tena, mwaka wa tatu huu. Ile nusu saa ya Ijumaa, hukaa tu asikie injini. Wenzake wamejitolea mara nyingi kuja kumchukua, lakini hakutaka kufika pale akiwa abiria katika gari la mtu mwingine. Nilipokuja na hadithi yangu ya kabureta alifikiri, angalau gari litafika.

"Ungeniambia unataka cheo," akasema, "ningekuambia twende wote. Ningekaa kiti cha pili, nijifanye mhandisi mimi."

Nikamfungulia mlango.

Tulikwenda polepole, kwa sababu hairuhusiwi kukanyaga mafuta kabla halijapata moto, na kwa maelezo yake halikupata moto mpaka tulipofika. Ghalani sakafu ilikuwa imekauka. Walipoliona gari waliacha vitambaa. Hakimu alikuja akainamisha kichwa ili mzee aone upara ulivyofika. Mzee akaupapasa, akasema alimwonya mapema. Mhudumu wa hoteli akamletea kiti, mkunga akamfokea kwa kutokutumia dawa ya magoti, na yeye akacheka mpaka akafuta macho. Sijawahi kumwona hivyo tangu nioe kwake.

Mimi nilisimama kando nikishika spana ya mtu. Nilimtazama dereva wa gari la taka usoni kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya mtu anayecheka kwa urahisi. Nikaona haya ambayo hayaandikiki.

Mkunga alinirudishia fomu yangu. Mstari wa kazi umekatwa, juu yake kumeandikwa msoma mita kwa mwandiko wa mke wangu. Uanachama umekubaliwa. Nimepewa jukumu la kujaza maji kwenye rejeta, chini ya uangalizi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamka mtu mpya. Nilimwambia mke wangu asubuhi kwamba nimeachana na ujanja, kuanzia leo mimi ni mtu wa mambo wazi. Akanipa mkono kama tunavyopeana mikono na wageni.

Saa tatu meneja mkuu akaja tawini mwenyewe. Alikuja kwa baiskeli. Gari la spoti hajawahi kuwa nalo, hata kuliota. Mama wa chai anasema huenda alichanganya na meneja wa umeme. Kalamu amepewa kiti. Alilitangaza bosi mwenyewe, tukapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa moyo. Nilijishangaa.

Angeishia hapo angekuwa ameniokoa. Lakini alipita akitusalimu mmoja mmoja, na alipofika kwangu akauliza ninapenda kufanya nini nje ya kazi. Jibu la ukweli lilikuwa tayari ulimini: namwendesha baba mkwe wangu polepole, najaza maji kwenye rejeta. Nilifungua mdomo. Ndipo nikaona mfukoni mwake kijitabu, na juu yake picha ya mzinga wa nyuki. Na jana tu nilikuwa nimesikia kwamba mkuu wa bohari anastaafu Juni.

Nikajisikia nikisema: nyuki. Miaka ishirini sasa. Mizinga sita.

Uso wa bosi uling'aa. Yeye ndiyo kwanza anaanza, alikuwa akitafuta mzoefu wa kumfundisha. Atakuja kwangu Jumamosi asubuhi kuitazama. Atakuja na mkewe.

Tangu mchana nimepiga simu nne. Kundi la nyuki linaweza kufika Ijumaa kwa pikipiki, limo ndani ya gunia. Vifaa vya kujikinga uso, hakuna mjini kote.

Nimemwuliza mke wangu, kwa upole sana, kama shela yake ya harusi bado ipo.